Lango Kati ya Marani na Keroka

Denis, tajiri wetu wa sasa, aliniomba ukurasa mmoja. Siku ya kuniaga, baada ya soda na keki, na baada ya kunikabidhi saa ya ukutani yenye picha yake mwenyewe akiwa na simba, alisema wafanyakazi vijana wangefaidika kama ningewaandikia mawaidha kidogo kuhusu usalama kazini. "Kitu kifupi, Mama Swaleh. Kitu cha kutia moyo." Nimeketi hapa Kiogoro kwenye kibaraza changu nikiandika wiki nzima. Si kifupi, na kama kitamtia mtu moyo, sidhani huyo mtu atakuwa Denis. Saa nimempa mjukuu.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi pale bustani ya wanyama Manga, hii ni yenu. Isomeni kabla ya Jumamosi. Kwa nini Jumamosi, nitafika huko.

Mimi ni Zaituni binti Hassani, wa Kisii mjini. Babu yangu alikuja huku na jeshi la mkoloni akitokea kaskazini, bibi alikuwa Mkisii wa Marani aliyesilimu, na nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, jambo lililowafanya watu wa sokoni watuite wageni mpaka walipotaka nyama. Baba alikuwa na bucha. Alinifundisha kushika kisu kabla sijajua kupika chai, kwa sababu kaka zangu hawakuwa na subira na yeye hakuwa na subira na watu wasio na subira. Alipofariki, bucha ikafungwa. Nikasikia kuna tajiri, Bwana Maranga, amefungua bustani ya wanyama juu ya Manga na anatafuta mtu anayejua kukata nyama. Huyo ndiye baba yake Denis.

Siku ya kwanza nilikwenda na kisu changu cha kuchunia nimekifunga kwa kanga. Nilifikiri nitakuta mbuzi wawili watatu. Nilikuta ng'ombe mzima amelala juu ya turubai. Pale Manga mnajua wenyewe, ng'ombe huteleza. Ukingo ni mkali, nyasi tamu ziko pembeni, na mwenye ng'ombe akishaona mguu umevunjika humwita mtu wa bustani kabla ya kumwita jirani. Nikaanza kumchuna kama baba alivyonifundisha, ngozi ikitoka safi bila tundu, huku nikijisifu moyoni. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akanitazama mpaka nilipofika mbavuni.

"Yaya, baba," akasema. "Acha hiyo ngozi. Hawa si wateja wa kilo moja."

Huyo alikuwa Mzee Ombati. "Yaya" yake ilikuwa hapana tu. Aliniita "baba", ambalo kwa Kikisii ni mama, na ilinichukua muda kuzoea kuitwa hivyo na mtu mwenye mvi. Akanieleza kwamba simba anahitaji manyoya na ngozi na mifupa, la sivyo tumbo lake linaharibika, na kwamba nyama tupu ni chakula cha watu wavivu. Nikajifunza kazi upya. Nikajifunza kuacha kichwa na macho yake, kupasua mfupa ili uboho uonekane, kuficha maini ndani ya gunia la majani ili mnyama ayatafute, na kumnyima chakula siku moja kwa wiki bila kumhurumia. Mjini wakasema binti wa Hassani anakata nyamafu. Nilikuwa naikata, ndiyo. Sikuwa naila.

Mzee Ombati alikuwa askari wa jela kabla ya kustaafu na kurudi kwao Manga, na alikuja bustani kwa sababu, alivyosema, alikuwa hajui kulala bila kusikia kufuli. Ni yeye aliyewapa wanyama majina. Bwana Maranga alitaka simba aitwe Nyakundi, jina la babu yake mwenyewe, akidhani ni heshima. Mzee Ombati alikataa mbele ya watu. Alisema jina la marehemu hupewa mtoto ili mzee arudi nyumbani, sasa wewe unataka mzee wako arudi akiwa amefungiwa ndani ya seng'enge akitupiwa kwato? Basi tukawapa majina ya masoko. Nyani alikuwa Nyamache, fisi alikuwa Ogembo, na simba akawa Marani. Watu wa Marani walilalamika mwaka mzima kwamba simba yule analala mchana kutwa na analiaibisha soko lao.

Keroka alikuwa chui milia. Wengi wa wageni wetu walikuwa wamemwona mnyama huyo kwenye blanketi tu, na nimeshuhudia mama mtu mzima akimtazama Keroka akaniuliza kama rangi inatoka akioshwa. Si mnyama wa Afrika. Yeye na Marani walikuja pamoja kutoka kwenye maonyesho ya kizungu yaliyofilisika nchini, wakiwa wadogo, ndani ya sanduku moja, wamelaliana. Wakakua hivyo hivyo. Kila mtu aliyewaona alidhani ni kaka na dada, na sisi pia tulidhani hivyo, mpaka tumbo la Keroka lilipoanza kushuka.

Kabla sijafika huko, niwaelezeni vizuri lango, kwa sababu wengine wenu mmelikuta lipo na mnadhani lilijengwa vile kwa umaskini. Kati ya banda la Marani na banda la Keroka kuna ukuta wa mawe, na katika ukuta ule lango la chuma linaloinuliwa kwa kamba na kapi. Kamba iko upande wa Marani. Upande wa Keroka kuna komeo, na komeo lile lina uzito wake, ukiliachia linarudi lenyewe. Kwa hiyo mmoja anavuta kamba huku, mwingine ameinua komeo kule, na hawaonani. Mzee Ombati ndiye aliyemwelekeza fundi hivyo. Alisema jela nzuri ni ile ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuifungua.

Mwenye kamba anaita, "Upo?" Mwenye komeo, kama amemwona mnyama wake yuko mahali pake, na kama ameridhika kwamba lango lifunguliwe, anajibu, "Nipo." Ndipo kamba inavutwa. Asipojibu, hakuna kinachofanyika, na hakuna anayemuuliza kwa kelele. Anayevuta anangoja, kisha anazunguka kwa miguu kwenda kuona kuna nini.

Mwanzoni nilijibu haraka haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Mzee Ombati akazunguka ukuta mzima kuja kuniambia jambo moja.

"Sikia, baba. Mimi nikivuta hii kamba, nimevuta kamba tu. Ukiniitikia, ni wewe umefungua. Sawa?"

"Sawa, mzee."

"Ata kama tajiri ndiye amesema tufungue. Ata kama ni mimi. Ni wewe."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye nyama.

Sasa tumbo la Keroka. Bwana Maranga alifurahi kupita kiasi. Baba akiwa simba na mama akiwa chui milia, mtoto huitwa laiga, na yeye alikuwa ameshaona picha zake, mnyama mkubwa kuliko simba yeyote, na tayari alikuwa ameagiza ubao wa barabarani. Daktari wetu wa mifugo, Daktari Kemunto wa Nyamira, hakufurahi hata kidogo. Alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo jikoni kwangu pale bustani, nilipokatia nyama. Watoto wa mchanganyiko ule hukua tumboni bila breki, alisema, na mama yao hakuumbwa kuwabeba. Simba jike angeweza kuzuia ukuaji ule, ila chui milia hana namna. Nikamuuliza, sasa tufanye nini? Akasema, "Tungoje, na uwe na maji ya moto."

Uchungu ulianza asubuhi. Kufikia mchana Keroka alikuwa amelala ubavu, macho yamefunguka, hasukumi tena. Daktari akamchoma sindano ya usingizi, tukambeba kwa turubai lile lile la ng'ombe, tukamweka juu ya meza yangu ya nyama, kwa sababu ndiyo iliyokuwa meza pekee yenye urefu wa kumtosha. Niliisugua meza ile mpaka vidole vikachubuka. Nilishika chupa ya maji ya mshipa juu ya kichwa changu, na Mzee Ombati akamshika ulimi ili asiumeze. Nimepasua wanyama maisha yangu yote. Siku ile niligeuza uso.

Wawili walitoka wamekufa. Walikuwa wakubwa ajabu, vichwa kama viatu vya mwanamume. Wa tatu alitoka akiwa wa bluu, daktari akampulizia puani, akamsugua kwa kanga yangu, na akalia. Kisha Daktari Kemunto akampigia simu Bwana Maranga, akamwomba ruhusa ya kuondoa kizazi cha Keroka palepale tumbo likiwa wazi. Simu ilikuwa kwenye spika. Sote tulimsikia.

"Shona, daktari. Usitoe kitu."

"Bwana Maranga, huyu hatabeba tena."

"Nimesema shona."

Akashona. Alipomaliza akavua glavu polepole, akaniangalia mimi, si mtu mwingine. "Mama Swaleh, akishika mimba ya huyu simba tena, msiniite kuja kumwokoa. Mniite kuja kumzika." Tangu siku ile Keroka na Marani wakatenganishwa, kila mmoja upande wake, na lango likafungwa.

Mtoto tulimwita Daraja Mbili. Nilimlea mimi, kwa chupa, jikoni, kwa sababu mama yake hakuwa na maziwa wala fahamu. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa, michirizi hafifu mgongoni, na madoadoa tumboni ambayo hakuna aliyejua yametoka kwa nani. Alipenda maji kama mama yake. Ukifungua bomba anakuja mbio. Ila hakupenda kuwa peke yake, na hilo lilikuwa la baba yake. Sauti yake sijawahi kusikia nyingine kama ile. Inaanza chini, nzito, ya simba, halafu katikati inavunjika na kumalizika kwa kukoroma kwa puani, kule ambako Keroka alikuwa akitusalimia nako. Alikua mpaka nikaacha kuamini macho yangu. Akisimama kwa miguu ya nyuma, paa la banda lilikuwa fupi.

Watu wakaja. Mabasi ya shule kutoka Nyamira, Kisii, hata kutoka upande wa Ziwa. Na maneno yakaja. Mhubiri mmoja wa Manga alisimama mbele ya seng'enge na kipaza sauti, akasema mnyama huyu ni machukizo na mvua itakatika. Mvua ilinyesha kabla hajamaliza, akajikinga jikoni kwangu, nikampa chai. Ustadhi mmoja wa msikiti wetu naye alinipitia nyumbani, kwa adabu, akaniuliza kama naona ni sawa mimi kumlisha kiumbe kilichopatikana kwa njia ile. Nikamwambia, ustadhi, kiumbe hakikuomba kupatikana. Kina njaa. Kosa si lake, na kama ni kosa, liko langoni, na huko nitakwenda ikinibidi. Nilisema vile kwa hasira tu. Sikujua kwamba ingenibidi.

Maana Bwana Maranga alitaka mwingine. Alitaka jike, ili wawe wawili, na kulikuwa na bwana wa televisheni kutoka Nairobi aliyekuwa tayari kupiga picha siku wazazi watakapokutanishwa tena. Daktari Kemunto alimwambia hapana mbele yetu, akamwambia na sababu, akaondoka na gari lake likiwa limejaa vumbi la hasira. Bwana Maranga akasema daktari ni mwoga, madaktari wako wengi.

Asubuhi ya siku ya kuwakutanisha, Keroka alikuwa kwenye joto lake. Alikuwa anajisugua kwenye lango, na Marani upande wa pili alikuwa anatembea huku na huko akinguruma. Wangekutana, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo. Nilipangwa kwenye komeo. Bwana Maranga mwenyewe alisimama kwenye kamba, suti ya kijivu, na bwana wa televisheni nyuma yake na kamera. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta, mkono juu ya komeo, na Keroka alikuwa amelala mbele yangu, nyuma ya vyuma, tumbo juu. Manyoya hayakuwa yameota vizuri pale aliposhonwa. Kovu lilikuwa linaonekana lote.

"Upo?" akaita Bwana Maranga.

Sikujibu.

"Mama Swaleh, upo?"

Nilikuwepo. Nilisikia hata pumzi yake ng'ambo ya ukuta. Niliogopa, kwa sababu nilikuwa na watoto shuleni na sikuwa na bucha ya kurudia. Nikafunga mdomo.

Alizunguka. Mnalijua lile zunguko, njia ya mawe inayoshuka mpaka kwenye tangi na kupanda tena. Si njia ya viatu vya mjini. Alifika akihema.

"Kwani hukunisikia?"

"Nilikusikia, Bwana Maranga."

"Sasa mbona huitiki?"

"Nikiitika nitakuwa nimefungua."

"Ni mimi ninayefungua! Hii bustani ni yangu!"

"Wewe unavuta kamba," nikamwambia. "Na mimi nimemwona akipasuliwa juu ya meza yangu. Sifungui."

Akaniambia niende jikoni, nisirudi tena kwenye mabanda. Kunipeleka jikoni hakukuwa adhabu kubwa, ndiko nilikotoka, lakini sikwenda. Nilisimama kando nikatazama. Akamwita Mzee Ombati ashike komeo. Mzee akaja taratibu, akavua kofia, akaweka mkono juu ya chuma. Bwana Maranga akazunguka tena, chini mpaka tangini, juu mpaka kwenye kamba. "Upo?" Kimya. Mzee Ombati alikuwa anamtazama Keroka kama vile yuko peke yake duniani. "Omogaka, mzee wangu, upo?" Kimya. Akazunguka kurudi, suti imeshika matope.

"Na wewe?"

"Tata, mimi nimezeeka," akasema Mzee Ombati, akimwita baba kwa Kikisii. "Masikio yangu inasikia tu kitu nzuri."

Akamwita Yunes wa tiketi. Yunes alikuwa mwoga kuliko sote, alikuwa akiogopa hata sungura, na nilijua angejibu. Bwana Maranga akazunguka. "Yunes, upo?" Yunes akanitazama, machozi yamemlenga, akakishika kinywa chake kwa mkono wake mwenyewe. Nimeona watu wakiitwa mashujaa kwa mambo madogo kuliko lile.

Mwisho akamwomba yule bwana wa televisheni. Yule bwana akaja upande wetu, akaona ukubwa wa Keroka kwa karibu, akaona umbali kati ya komeo na vyuma, akasema bima yake hairuhusu ashike komeo wala kamba. Basi tukabaki pale wote, watu wa bustani nzima, na Bwana Maranga ng'ambo ya ukuta ameshika kamba yake. Akaita mara ya mwisho. Hakusema jina la mtu. Alisema tu, "Upo?" kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Aliyejibu alikuwa Daraja Mbili. Kutoka kwenye banda lake la chini, sauti ile, ikaanza nzito ya baba yake, ikavunjika, ikamalizika kwa ile salamu ya puani ya mama yake. Kamba ikaanguka chini. Tuliisikia ikigonga mawe.

Hakutufukuza, kwa sababu ambayo ninyi vijana muishike vizuri: nani angeingia kwenye mabanda kesho yake? Alitununia msimu mzima. Mimi alinifungia jikoni, na vyeo vilivyonipita baada ya hapo siwezi kuvitaja kwa sababu sikuvihesabu. Baada ya muda alimwita Daktari Kemunto mwenyewe, na kizazi cha Keroka kikaondolewa, na lango likafunguliwa bila hatari kwa mtu yeyote, nami nikaitwa kwenye komeo na nikaitika kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Kisha akaweka ubao mpya barabarani unaosema bustani yetu inajali wanyama. Ubao ule bado upo. Sina ugomvi nao.

Keroka alikufa uzeeni, kivulini, tumbo limejaa, kichwa chake juu ya mgongo wa Marani. Marani alimfuata msimu uliofuata. Mzee Ombati alizikwa hapo hapo Manga, na kufuli lake la zamani la jela tukamwekea kaburini, ingawa mchungaji alilitazama vibaya.

Sasa Jumamosi.

Bwana Maranga ameshalala, Mungu amrehemu, na Denis ndiye mwenye bustani. Kuna simba kijana. Kuna chui milia mpya pia, aliyepewa jina la Princess baada ya watu kupiga kura mtandaoni. Mimi namwita Kiogoro, na anaitika. Ni mdogo wa mwili kuliko Keroka alivyokuwa. Nimemlisha kwa mkono huu na najua upana wa nyonga zake.

Juzi Josephat alinipigia simu. Ndiye aliyechukua nafasi yangu, kijana wa Nyamira, mkono wake wa kisu ni mzuri. Alikuwa ananong'ona.

"Mathe, buda Denis amesema Jumamosi tunawaweka pamoja. Mimi niko kwa komeo."

"Na daktari anasemaje?"

"Alikataa. Denis anasema hiyo ni mambo ya zamani, siku hizi operesheni iko sawa. Sasa mathe, nikikataa si atanifuta kazi?"

Nilimwambia jibu nitaliandika humu.

Josephat, Denis ana hoja yake na nitamtendea haki. Pengine upasuaji wa siku hizi ni mzuri zaidi. Pengine Kiogoro atapona, pengine watoto watatoka hai. Nenda basi ukamtazame Daraja Mbili asubuhi anapoamka. Mtazame anavyovuta miguu ya nyuma, nyonga zisizoweza kubeba mwili ule, anavyosimama mbele ya kile kijukwaa chake cha mbao akikumbuka alivyokuwa akikirukia, kisha analala chini yake. Wageni wanadhani ni mpole. Anaumwa. Nimempondea dawa ndani ya maini kila siku kwa miaka, na ninampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki mwingine atengenezwe. Waliosema auawe niliwafukuza kwa maneno. Wanaosema aongezwe nawafukuza kwa maandishi haya.

Kuhusu kufutwa, sitakudanganya. Anaweza kukufuta. Mimi nilisimama pale nikiwa na hofu hiyo hiyo, ugali wa watoto mkononi mwangu, na sikuwa na mtu wa kuniandikia barua ndefu. Lakini mko wengi, na sasa mmesoma. Akimtoa Josephat, atamwita mwingine wenu. Akimtoa huyo, atamwita mwingine. Zunguko la tangi bado ni lile lile, na Denis ni mzito kuliko baba yake.

Jumamosi nitapanda Manga asubuhi. Nitakata tiketi kama mgeni mwingine yeyote, kwa hiyo hakuna wa kunizuia, na nitakaa kwenye ile benchi ya mawe upande wa komeo, na kanga yangu ile iliyomkausha Daraja Mbili siku aliyozaliwa. Sitasema neno. Denis atashika kamba na ataita, "Upo?"

Ninazijua sauti zenu zote. Sitaki kusikia hata moja. Akitaka kuitikiwa, aitikiwe na Daraja Mbili.